Hisa Ni ya Nchi Gani?

Mikataba ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja huwa na kifungu kimoja ambacho mwenye vipande, yaani mwekezaji wa mfuko, hukipita bila kusimama. Kinasema kwamba meneja hataweka zaidi ya sehemu fulani ya mali ya mfuko kwenye dhamana za kigeni, yaani hisa, hatifungani na karatasi nyingine za fedha kutoka nje. Wanaobishana kabla ya kutia saini hubishania kiwango: kiwe asilimia 10, 15 au 20? Kuhusu ugeni wenyewe hakuna anayeuliza, kwa kuwa kila mtu anadhani anamjua mgeni akimwona. Nadhani ugumu wote uko hapo panapoonekana pepesi. Sheria imejaribu kwa zaidi ya miaka mia kusema hisa ni ya nchi gani, na imetoa majibu mengi yasiyopatana, kwa sababu imekuwa ikiuliza mahali pa kitu ambacho hakina mahali. Hisa ni ahadi. Ina watu walioitoa, na ina mamlaka zinazoweza kulazimisha itimizwe au kuzuia isitimizwe. Ugeni wake, kama una maana yoyote ya kisheria na ya kimaadili, lazima upimwe kwa mamlaka hizo.

Mfano mzuri ni kampuni ya dhahabu iliyoanza kwa jina la African Barrick Gold na mwaka 2014 ikaitwa Acacia Mining. Ilisajiliwa Uingereza. Hisa zake zilianza kuuzwa London mwaka 2010, na mwaka uliofuata zikaorodheshwa pia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Karibu theluthi mbili ya hisa hizo zilibaki mikononi mwa Barrick, kampuni ya Toronto. Migodi iliyokuwa ikitoa dhahabu yote ilikuwa Tanzania, mikubwa ikiwa Bulyanhulu na Buzwagi upande wa Kahama, na North Mara kule Tarime. Sasa fikiria mifuko miwili, mmoja wa London na mwingine wa Dar es Salaam, kila mmoja umejiwekea kikomo cha dhamana za kigeni. Kwa mfuko wa London hisa hii ni ya nyumbani kabisa: imesajiliwa huko, inauzwa huko, inahesabiwa katika faharasa za kampuni za Uingereza. Kwa mfuko wa Dar es Salaam jibu hubadilika kulingana na kipimo. Ukitazama usajili, ni ngeni. Ukitazama soko iliponunuliwa, ni ya hapa. Ukitazama mwamba unaochimbwa, ni ya hapa kuliko hisa nyingi za benki za mtaa wa Samora. Machi 2017 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha makinikia, yaani mchanga wenye madini, nje ya nchi, na bei ya hisa ikaanguka London. Julai mwaka huo ikaja hati ya madai ya kodi, pamoja na riba na faini, ya takribani dola bilioni 190 za Marekani. Mwenye vipande wa London, ambaye mkataba wake ulimwahidi kwamba fedha zake hazitakwenda mbali, akajikuta anasubiri ripoti za kamati zinazosomwa Ikulu ya Dar es Salaam. Hakuna kifungu kilichovunjwa. Kila neno la mkataba lilitimizwa, na lile hasa alilotaka kuepushwa nalo likamfika.

Mahakama zimekutana na fumbo hili mara nyingi. Barcelona Traction ilisajiliwa Toronto mwaka 1911 kwa ajili ya kuzalisha umeme na kuendesha tramu katika jimbo la Catalonia. Wenye hisa wake wengi, kwa maelezo ya serikali ya Ubelgiji, walikuwa Wabelgiji. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Uhispania ilikataa kuipa kampuni fedha za kigeni za kulipia riba ya hatifungani zake za pauni, na mwaka 1948 mahakama ya mji wa Reus ikaitangaza kuwa imefilisika. Kampuni iliyokuwa ikiingiza mapato kila siku ilikufa kwa kunyimwa ruhusa ya kubadilisha peseta kuwa pauni. Ubelgiji ilikwenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague kuwatetea raia wake, na mwaka 1970 ikaambiwa kwamba uraia wa kampuni ni wa nchi ilikosajiliwa: mwenye haki ya kulalamika ni Kanada. Zaidi ya nusu karne kabla ya hapo, mwaka 1916, Baraza la Malodi la Uingereza lilishika njia nyingine katika kesi ya Daimler na kampuni ya matairi ya Continental iliyokuwa ikiidai fedha. Kampuni hiyo ilisajiliwa Uingereza, lakini hisa zake zote isipokuwa moja zilikuwa za Wajerumani, na vita vilikuwa vimepamba moto. Malodi walifunua pazia la usajili na kuuliza ni mikono ya nani inayoongoza. Wanafunzi wa sheria hupenda kuzigonganisha hukumu hizi mbili ili mshindi apatikane. Huo ni ubishi usio na faida. Mwaka 1970 swali lilikuwa nani ana haki ya kusema kwa niaba ya kampuni. Mwaka 1916 swali lilikuwa malipo yakitoka yatamnufaisha nani. Kila swali lilipata kipimo chake, na hakuna sababu ya kudhani kwamba kipimo cha moja kingefaa kwa jingine.

Sheria ya Marekani inaonyesha jambo hili waziwazi zaidi, kwa sababu inabeba maana kadhaa za ugeni chini ya paa moja bila kuona haya. Kanuni inayohusu utunzaji wa mali za mifuko nje ya nchi huita mali kuwa ya kigeni ikiwa soko lake kuu liko nje ya Marekani. Haijali kampuni imesajiliwa wapi. Kanuni inayoamua ni mtoaji gani wa hisa apewe masharti mepesi ya kigeni huangalia watu: je, zaidi ya nusu ya kura za kampuni iliyosajiliwa nje zimo mikononi mwa wakazi wa Marekani, na je, wakurugenzi wengi, mali nyingi au uendeshaji wenyewe uko huko? Kampuni ikijibu ndiyo kwa lile la kwanza na kwa mojawapo ya hayo mengine, hadhi ya ugeni inaiponyoka. Nayo Mahakama ya Juu, katika kesi ya mwaka 2010 dhidi ya National Australia Bank, iliweka kipimo cha tatu. Udanganyifu uliodaiwa ulikuwa umefanyika Florida, katika kampuni tanzu ya mikopo ya nyumba, lakini hisa zilinunuliwa Australia. Mahakama ikasema sheria ya Marekani ya kuzuia udanganyifu inalinda manunuzi yaliyofanyika Marekani au ya dhamana zilizoorodheshwa katika masoko ya Marekani, basi. Kwa hiyo karatasi moja inaweza kuwa ngeni kwa mtunzaji, mwenyeji kwa msajili, na ngeni tena kwa hakimu, siku hiyo hiyo.

Mbele ya rundo hili mtu huvutwa na majibu mawili ya haraka, na yote mawili nayakataa. La kwanza ni kwamba hisa ina kwao kwa kweli, ila sheria haijakupata bado. Tukichimba vya kutosha, chini ya usajili, soko, sarafu na wenye kura, tutagusa asili yake. La pili ni kwamba hakuna asili yoyote, kwa hiyo dhamana ya kigeni ni chochote ambacho mkataba umeamua kukiita hivyo, na mjadala umekwisha. Jibu la kwanza linaichukulia ahadi kana kwamba ni jiwe. La pili linasahau kwamba mkataba husema na mtu, na mtu huyo amekabidhi fedha zake akitegemea kwamba maneno yana uhusiano na hatari anazoziogopa.

Kuhusu jibu la kwanza, linastahili kupewa heshima, kwa kuwa lina mtetezi mwenye nguvu katika fikra za Kiislamu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, liliamua kwamba kinachouzwa hisa inapouzwa ni fungu lisilogawanywa katika mali ya kampuni, na cheti ni ushahidi tu wa haki hiyo. Huu si usemi wa mapambo. Una matokeo: mali ya kampuni ikigeuka kuwa fedha taslimu tupu au madeni matupu, kuuza hisa zake hufuata masharti ya kubadilishana fedha au ya kuuza deni, ambayo ni makali. Kwa mtazamo huo, aliyekuwa na hisa ya Acacia alikuwa na kipande, kidogo kiasi gani si hoja, cha mitambo na mali iliyokuwa Bulyanhulu. Sheria ya Kiingereza inakataa katakata. Katika kesi ya Macaura ya mwaka 1925, mwenye shamba la miti huko Ireland ya Kaskazini aliiuzia kampuni yake magogo yote, akaendelea kuyakatia bima kwa jina lake mwenyewe, kisha moto ukayateketeza. Hisa zote zilikuwa zake na za wawakilishi wake. Malodi wakamwambia hakuwa na haki yoyote katika magogo yale. Alichokuwa nacho ni hisa, na magogo yalikuwa ya kampuni. Kwa sheria hiyo hakuna mwekezaji wa London aliyewahi kumiliki hata kokoto ya Kahama.

Katika mambo mengi naona fiqhi imeona mbali zaidi, hasa inapokataa kumruhusu mwenye hisa ajifiche nyuma ya cheti asijue biashara inayomlisha. Lakini kama kipimo cha ugeni, kutazama hadi chini hakuna sakafu. Benki ya Nairobi inamkopesha mfanyabiashara wa soko la Gikomba, ambaye bidhaa zake zinatoka Guangzhou, zilizotengenezwa kwa pamba ya nchi nyingine. Hisa ya benki hiyo ni ya wapi? Kila ukipasua tabaka moja unakuta jingine, na wakati fulani ni lazima useme imetosha, na sababu ya kusimama haitatoka ndani ya hisa. Itatoka kwa aliyeuliza na kwa hofu yake.

Fiqhi yenyewe ina sehemu nyingine inayokaribia hoja yangu zaidi, nayo ni mjadala wa zaka. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, zaka ya mali hutolewa pale mali ilipo, na zaka ya fitiri pale alipo mtu. Kwa mifugo na mavuno hakuna tatizo. Lakini mali ikiwa ni deni, iko wapi? Wako mafakihi waliosema ifuatwe nchi ya mdaiwa. Wako wengine waliosema kilicho katika dhima ya mtu si kitu cha kuonekana wala kushikika, kwa hiyo hakina mahali maalumu, na mwenye mali ana hiari ya kuitoa zaka hiyo anapotaka. Maoni haya ya pili yanashangaza kwa ujasiri wake: yanakiri kwamba kuna mali isiyo na mahali, na hayajaribu kuibunia. Majaji wa Kiingereza, waliohitaji mahali pa deni kwa sababu za kodi na mirathi, walifuata njia inayofanana na ile ya kwanza, na wakatoa sababu yao wazi: deni liko anakoishi mdaiwa kwa kuwa huko ndiko anakoweza kushtakiwa. Hapo wamesema siri yote. Mahali pa deni ni jina tulilolipa mlango wa mahakama yenye nguvu juu ya mdaiwa. Ramani haihusiki, kinachohusika ni nani anaweza kumlazimisha nani. Na hisa, hatifungani na kila dhamana nyingine ni za jamii hiyo hiyo ya mali.

Mwaka 2022 ulitoa ushahidi ambao hakuna mwalimu angeweza kuubuni. Benki kubwa za New York zilikuwa zimetoa stakabadhi zinazosimama badala ya hisa za kampuni za Urusi kama Sberbank na Gazprom. Stakabadhi hizo ziliuzwa London, kwa dola. Mtoaji wake Mmarekani, soko lake Uingereza, sarafu yake dola: kwa vipimo vitatu vya kawaida hakukuwa na Urusi ndani yake. Yandex ilikuwa kampuni iliyosajiliwa Uholanzi na kuorodheshwa Nasdaq. Vita vya Ukraine vilipoanza mwishoni mwa Februari, soko la Moscow lilifunga biashara ya hisa kwa karibu mwezi mzima, Nasdaq ikasimamisha Yandex, na mwanzoni mwa Machi London ikasimamisha stakabadhi zile. Watengenezaji wa faharasa waliziondoa hisa za Urusi kwa bei ya sifuri. Kwa upande wa pili, Warusi wa kawaida walionunua hisa za kampuni za Marekani wakiwa kwao, kwa kupitia soko la St. Petersburg, walikuta haki zao zimefungiwa Ulaya, katika mnyororo wa watunzaji ambao wengi hawakujua kuwa upo. Angalia ni mlango upi uliofungwa katika kila hali. Mwekezaji wa New York mwenye Yandex hakuzuiwa kwanza na Moscow; alizuiwa na soko la nyumbani kwake. Hili linatibua picha nyepesi kwamba hatari ya kigeni hutoka kwa serikali ya kigeni. Ahadi huwa ngeni pale inapobidi kupita katika mikono ya mamlaka zaidi ya moja ili ifike, na yoyote kati ya hizo, hata ile inayokuita raia, inaweza kuikata njiani.

Mtu wa biashara atanipinga hapa, na ana haki. Atasema mkataba si darasa la falsafa. Meneja hununua na kuuza kila siku. Mkaguzi anataka kujua leo, si baada ya miaka kumi ya kesi, kama kikomo kimevukwa. Usajili unaonekana kwenye cheti, soko linaonekana kwenye risiti ya dalali, lakini "mamlaka zinazoweza kuzuia" zitapimwa na nani? Tena kipimo kinacholegea humfaa meneja mjanja, ambaye ataiita hisa ya nyumbani anapoitaka na ya kigeni anapotaka kuikimbia. Tume ya Dhamana na Masoko ya Hisa ya Marekani imepita katika mtego huu. Mwaka 1997 ilipendekeza vipimo vya wazi kwa mfuko unaojiita kwa jina la nchi: kampuni iwe imeundwa huko, au hisa ziuzwe hasa huko, au angalau nusu ya mapato au mali itoke huko. Kanuni ilipopitishwa mwaka 2001, vipimo hivyo viliachwa, na mfuko ukatakiwa tu kuweka asilimia 80 ya mali yake katika uwekezaji ulio na uhusiano wa kiuchumi na nchi hiyo, na kueleza uhusiano huo unaupimaje. Kwa maneno mengine, mameneja walikabidhiwa rula wachonge wenyewe.

Nakubali kwamba vipimo vya wazi vinahitajika. Nisichokubali ni kwamba kiwe kimoja kwa kila kifungu. Mkataba unaoogopa kushuka kwa sarafu upime ugeni kwa sarafu ya malipo. Unaoogopa mali kupotea kwa mtunzaji upime kwa mahali pa akaunti na sheria inayoiongoza. Unaoogopa serikali moja kufunga migodi upime kwa mapato. Hivi vyote ni vipimo ambavyo mhasibu anaweza kuvijaza kwenye jedwali kabla ya chakula cha mchana, na sheria ya Marekani, kama tulivyoona, imeishi na vipimo vitatu tofauti kwa miaka mingi. Gharama yake ni kurasa tatu zaidi za mkataba. Dawa ya meneja mjanja nayo haihitaji falsafa: kipimo kiandikwe kabla ya kununua, na kisibadilishwe kwa hisa ambayo tayari imo mfukoni.

Pingamizi la pili ni la wanasheria, nalo ni la kisasa zaidi. Linasema tatizo la mahali limekwisha tatuliwa kwa hiari. Zamani mahakama zilihangaika, kama zilivyohangaika baada ya kifo cha tajiri wa magazeti Robert Maxwell mwaka 1991, alipogundulika kuwa ameweka rehani hisa za kampuni ya Berlitz zisizokuwa zake. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilibidi iamue mwaka 1996 kwamba haki za hisa hizo ziongozwe na sheria ya New York, kampuni iliposajiliwa. Leo, wanasema, hisa nyingi hukaa katika akaunti za elektroniki, jina lililo kwenye daftari la kampuni ni la mtunzaji tu, na Mkataba wa The Hague wa mwaka 2006, ulioanza kutumika Aprili 2017 kwa Uswisi, Mauritius na Marekani, unaruhusu mwenye akaunti na wakala wake wachague sheria watakayofuata. Basi ugeni umekuwa suala la maelewano. Ni kazi nzuri, na imeondoa kesi nyingi za kijinga. Lakini kinachochaguliwa hapo ni sheria itakayotumika watu wakigombana juu ya nani mwenye haki. Stakabadhi za Sberbank hazikugombaniwa na mtu. Kila mmoja alijua ni za nani, hazikulipwa tu. Watu wawili wanaweza kukubaliana juu ya sheria ya kuamulia ugomvi wao, lakini hawawezi kukubaliana kwamba benki kuu ya nchi ya tatu itaruhusu fedha zitoke.

Pingamizi la tatu linatoka upande wa maadili, na ndilo linalonivutia zaidi. Kwa nini mwenye imani, au mwanafalsafa anayeamini kwamba binadamu wote ni ndugu, akubali kabisa kifungu kinachotenga vya nje? Je, si kuipa mipaka ya wakoloni heshima isiyostahili, na kumnyima mwenye vipande faida ya kutawanya hatari? Jibu langu ni kwamba kifungu hiki hakihukumu wageni. Kinahusu amana. Katika fiqhi ya uwakala, wakili aliyevuka mpaka aliopewa hubeba hasara mwenyewe; aliyebaki ndani ya mpaka habebi, hata mali ikipotea yote, maadamu hakuzembea. Sheria ya Kiingereza ya wadhamini inafika karibu na hapo kwa njia yake. Kwa hiyo tafsiri ya dhamana ya kigeni haichori ramani ya dunia. Inachora mstari kati ya hasara itakayobebwa na mwenye fedha na ile itakayobebwa na aliyezishika. Ndiyo maana nimekataa jibu la kwamba neno lina maana yoyote ambayo mkataba umelipa. Mkataba wa mfuko huandikwa na upande mmoja. Mwenye vipande hakushiriki kuchagua hata nukta. Anachokijua ni jina la mfuko na sentensi mbili tatu za tangazo, na pale maneno yanapokuwa na utata, desturi ya kisheria ya kuyasoma dhidi ya aliyeyaandika ni ya haki hapa kuliko mahali pengi. Tume ya Marekani, hata ilipolegeza vipimo mwaka 2001, ilikumbuka hili: ilisema mfuko unaojiita wa kimataifa au wa dunia unaashiria tu kutawanya uwekezaji, lakini unaojiita wa kigeni unatoa ahadi kwamba mali yake itahusiana kiuchumi na nchi za nje, na ahadi hiyo itapimwa kwa asilimia 80.

Na meneja wa London aliyekuwa na Acacia, je, avishwe hasara? Ikiwa mkataba ulieleza kwa uwazi kwamba ya nyumbani ni iliyosajiliwa Uingereza, hapana; aliyekabidhi aliambiwa. Ikiwa uliahidi tu dhamana za nyumbani bila kusema zaidi, nadhani mahakama ingemwachilia kwa kuegemea desturi ya faharasa za London, na nadhani ingekuwa hukumu sahihi kisheria ambayo inaacha deni la kimaadili bila kulipwa. Meneja alijua dhahabu inatoka wapi. Alijua pia kwamba mteja wake hajui.

Afrika Mashariki imelijaribu swali hili kwa njia yake. Kanuni za Kenya za mifuko ya pensheni zimeweka kikomo cha asilimia 15 kwa uwekezaji wa nje, lakini hisa zilizoorodheshwa katika masoko ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki huwekwa kapu moja na za Nairobi. Tanzania, mwaka 2014, iliondoa kikomo cha asilimia 60 kilichowazuia wageni katika kampuni zilizoorodheshwa, na ikawafungulia wakazi wa Jumuiya mlango wa hati za serikali ambao wageni wengine hawakufunguliwa. Katikati ya mwenyeji na mgeni amezaliwa mtu wa tatu. Kwa kipimo nilichokitetea, hisa ya Dar es Salaam katika mfuko wa Nairobi bado ni ngeni: inalipa gawio kwa shilingi nyingine, mwenye mamlaka juu ya fedha za kigeni ni benki kuu nyingine, na kesi juu yake itaanza katika mahakama ya nchi nyingine. Itifaki ya Umoja wa Fedha iliyotiwa saini Kampala mwaka 2013 ililenga sarafu moja ifikapo 2024, na mwaka huo umepita kila nchi ikiwa na sarafu yake. Hata hivyo nisingesema kanuni ya Kenya inadanganya. Haitoi habari juu ya hisa ilipo. Inamwambia mdhamini kwamba akipata hasara Kampala au Dar es Salaam hatalaumiwa kwa sababu tu ya kuvuka mpaka, na inamwambia mstaafu kwamba hasara hiyo ataibeba yeye. Wabunge na wasimamizi wana haki ya kuamua hivyo. Kilichobaki ni kwa wanaoandika mikataba ya mifuko chini ya kanuni hizo kumweleza mstaafu huyo, kwa Kiswahili anachokisoma, kwamba katika kapu lake la nyumbani kuna karatasi ambazo malipo yake yanategemea ruhusa ya benki kuu isiyo yake.